Nambari ya Doto

Karani alifunga mlango kwa nje, akautikisa mara moja kuhakikisha, kisha nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye korido. Basi, tumeshakuwa wafungwa tena, mimi na Mzee Luhende, mpaka mchezo uishe.

Chumba cha uchambuzi kimechongwa ndani ya mwamba, na aliyekichonga hakuwa mtu wa huruma. Kina mashine, viti viwili, mtungi wa maji, na ndoo nyuma ya pazia ambayo mimi na mzee tumekubaliana kimyakimya kutoitaja. Ukutani kuna kidirisha cha chuma, kidogo kama kitabu, kinachofunguliwa kutoka upande wa ukumbini. Kupitia hapo tunaruhusiwa kutoa neno moja kati ya mawili: Sawa, au Si sawa, na vipaza sauti hulipeleka mji mzima. Eti zamani kulikuwa na mchambuzi aliyekohoa mara mbili, na shemeji yake huko nje akajua asogeze farasi. Tangu hapo wachambuzi hufungiwa kabla kura haijapigwa. Hatujui ni nani na nani wanaochuana. Tunaletewa mpango wa kete tu, bila majina.

"Leo sikukuu, Siku ya Kushuka kwa babu zetu, karakana zote zimefungwa," alisema Mzee Luhende huku akivua koti. "Angalau umeme upo, feni zitatupuliza kama watu."

"Zikitupuliza vizuri sana tutasahau kwamba tuko jela."

"Wewe Shija, mdomo wako utakuja kukushusha ghorofa."

Alisema kwa utani, lakini mjini kwetu utani wa kushushwa ghorofa huchoma. Tangu babu zetu walipoukimbia ule ukame wa juu na kuhamia ndani ya machimbo ya zamani ya dhahabu, kadiri unavyokwenda chini ndivyo mwamba unavyochemka. Ghorofa la pili lina hewa. La nne lina vumbi na joto, na mwenye kifua kibovu hamalizi mwaka huko. Nafasi za la pili ni chache, kwa hiyo zinagombewa, na zinagombewa kwa sataranji.

Usicheke. Mwanzoni kulikuwa na mahakimu, na mahakimu walikuwa na bei. Wazee wakasema, basi ubao uamue. Lakini wenye nacho wakaanza kuwaajiri walimu ili watoto wao wakariri mianzo yote ya mchezo kutoka vitabuni. Ndipo ikawekwa sheria ya kura: askari wanabaki mstari wa mbele kama kawaida, ila mstari wa nyuma unachanganywa, Weupe na Weusi wakipangwa vilevile. Mfalme akae kati ya ngome zake mbili, tembo wawili wakae rangi tofauti, waliobaki popote. Ukihesabu, mipango inayowezekana ni mia tisa na sitini. Hakuna kichwa kinachoweza kuimeza yote.

Limebaki tatizo moja. Weupe ndio wanaoanza, na kuna mipango ambayo kuanza tu ni sawa na kupewa mkuki mwenzako akaambiwa atafute fimbo. Kwa hiyo mashine hupima kwanza faida ya Weupe, na kipimo chake ni thamani ya askari mmoja. Ikiwa chini ya nusu ya askari, tunasema Sawa na mchezo unaanza. Ikizidi, kura inapigwa upya. Mkubwa anaitikia kwanza, mdogo anafuata, na majibu mawili yakifanana ndipo yanahesabika. Macho ya Mzee Luhende yamechoka, kioo cha mashine anakiona kama ukungu. Mimi ni msomaji, yeye ni sauti.

Mpango ukaingia. Upande wa kushoto kabisa, kwenye kona, ngome. Pembeni yake mfalme. Kisha tembo, ngome ya pili, farasi, malkia, farasi, na tembo wa mwisho kwenye kona ya kulia. Kabla sijamaliza kuusoma, mashine ikajibu: robo ya askari.

"Imesemaje?"

"Robo."

"Sawa hiyo," alisema mzee, akanyoosha miguu.

Jibu hutoka haraka hivyo kwa sababu mashine haifikiri. Inakumbuka. Waanzilishi, enzi umeme ulipokuwa wa kumwaga, waliichezesha yenyewe kwa yenyewe mpaka ikawa na nambari ya kila mpango, wakazihifadhi humo. Sisi wa leo tunachota tu. Nami nina ugonjwa mmoja niliourithi kwa mama yangu, ambaye alikuwa akionja chumvi hata ya chakula cha watu waliomwalika. Nikijibiwa haraka sana, siamini. Wachezaji walikuwa bado wanakula kiapo huko ukumbini, umeme ulikuwepo, nami nilikuwa nimechoshwa na kuchota. Nikabonyeza kitufe ambacho katika kazi yangu yote sijawahi kukibonyeza: Fikiri upya.

Feni zikalegea papo hapo. Mashine na feni zinanyonya mkondo mmoja.

"Umeiamsha?" aliuliza mzee, macho yamefumbwa.

"Naisalimia tu."

Nambari ilianza kwenye robo. Ikapanda mpaka nusu. Ikasita, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha ikapanda tena, ikapita askari mzima na kuendelea. Niliiangalia nikidhani mashine imepata homa. Nikafanya jambo la kwanza lililonijia: nikaupindua mpango ule kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, wa kushoto akaenda kulia, wa kulia akaja kushoto, nikaiambia ifikirie huo nao. Ikarudi na robo. Robo kamili, bila wasiwasi.

Hapo nikaelewa, na ningependa kusema nilifurahi kama mtaalamu aliyegundua kitu. Sikufurahi.

Kila mpango una pacha wake wa kioo. Waanzilishi walikuwa watu wa Usukumani na Unyamwezini, kwa hiyo wakawaita mapacha hao kama watu wanavyowaita mapacha: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Na wakafanya kile ambacho watu wetu wamekifanya siku zote. Kulwa akinunuliwa gauni, Doto ananunuliwa la rangi ileile. Kulwa akipewa nyama, Doto apewe ya ukubwa uleule, usije ukamkasirisha mmoja akaondoka na mwenzake. Wakampima Kulwa, na nambari yake wakampa Doto, kama huyu aliyekuwa mbele yangu. Nusu ya kazi ikawa imeokolewa, na hakuna aliyeona ubaya, maana ni nani anayewabagua mapacha?

Mimi naitwa Shija. Kwetu ukisikia jina hilo unajua nimezaliwa nyuma ya mapacha. Kulwa wetu, akiwa mdogo, alipata degedege. Mganga akaleta dawa kali ya kunywa, na kwa kuwa Kulwa alikunywa, Doto naye akanyweshwa, ilhali hakuwa na hata mafua. Kulwa alipona. Doto dawa ilimuunguza kifua, na tangu siku hiyo anapumua kama mtu anayepanda ngazi hata akiwa ameketi. Nimelala chumba kimoja na pumzi hizo maisha yangu yote. Sihitaji mashine kuniambia kwamba mapacha si mtu mmoja.

Na ubao nao haujali mila. Mfalme ana haki ya kujificha mara moja katika mchezo, akipishana na ngome yake, na mahali pa kujificha ni pale pale daima, mpango uweje: mraba wa pili kutoka kulia, au wa tatu kutoka kushoto, ukitazama kutoka upande wa Weupe. Kete zinapinduka kwenye kioo. Mafichoni hapapinduki. Kwa Kulwa wa mpango huu, tembo mmoja tu akitoka njiani, mfalme ameshajificha, na Weusi wanapata nafasi ya kumtazama askari wao wa pembeni ambaye hana kete inayomlinda. Kwa Doto, mpaka atoke tembo, na farasi, na ngome. Wakati Weusi wanahamisha vyombo, Weupe wameshaingia sebuleni.

Nilifikiria mara moja mlango wetu.

Kila nyumba ya ghorofa la pili imechorwa juu ya mlango mpango ulioipatia ushindi. Juu ya wetu pana Doto. Kulwa ndiye aliyecheza, akiwa na Weupe, kwa ajili ya kifua cha pacha wake, na majirani walicheka sana kwamba Doto anaishi chini ya Doto. Kulwa alifariki mwaka jana, lifti ya mawe ilikatika kamba. Sasa nafasi ile inasimama juu ya ushindi wa marehemu, na ushindi wa marehemu juu ya nambari ya uongo. Mpango mmoja wa Doto ukifunguliwa, Baraza litaifungua yote, maana sheria inasema kosa moja huita ndugu zake. Kila mchezo wa Doto utarudiwa. Nani atatuchezea? Doto anapumzika katikati ya kufagia chumba. Na mimi, mchambuzi mzima, siwezi kumshinda hata mtoto. Najua thamani ya kila mpango kama mpishi wa hoteli anavyojua bei ya vyakula asivyovila.

Kidirisha kikafunguka.

"Hodi, wachambuzi! Mpango ni sawa?"

Mzee Luhende alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamshika mkono wa shati.

"Subiri, mzee."

"Nisubiri nini?"

"Mashine haijatulia."

Karani alingoja kidogo, akafunga. Hodi hupigwa mara tatu, kama kwa majirani. Lakini kwa jirani, usipoitikiwa mara ya tatu unarudi kwenu. Kwetu sisi, isipoitikiwa ya tatu, kimya kinahesabiwa kuwa Sawa, mchezo unaanza, na mtu mwenye Weusi anaanza kupoteza nyumba yake bila kujua.

Kwa hiyo sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kukaa tu.

Joto lilikuwa limepanda. Mwamba wa nyuma yangu ulikuwa wa moto kama kikombe cha uji, na harufu ya ndoo ilianza kutukumbusha mkataba wetu. Nilitamani mlango ufunguke, nikimbie korido nzima nikipiga kelele. Nilitamani pia usifunguke kamwe.

Mzee aligeuza uso upande niliko. "Mwanangu, unahema."

"Joto, mzee."

"Joto nalijua. Hilo si joto."

Nilikuwa namwangalia mikono. Kila mtu mjini anajua habari ya mikono ile. Siku moja, miaka mingi iliyopita, Mzee Luhende alifungiwa humu, akaletewa mpango bila majina, akasema Sawa. Alipofunguliwa jioni, akaenda nyumbani, akamkuta mkewe Nyanzobe anafunga mizigo. Yeye ndiye aliyekuwa amechezea Weusi. Mzee akamsaidia kukaza kamba. Walishuka wote wawili mpaka la nne, na baada ya miaka miwili akapanda peke yake, kwa sababu mchambuzi aliyefiwa na mke hupewa chumba cha kazi. Hajawahi kulalamika. Husema kura ni kura, mpango ulikuwa wa haki, Nyanzobe alizidiwa tu. Naamini sentensi hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi.

"Hodi, wachambuzi! Mpango ni sawa?"

Ya pili. Nilimwangalia mzee, naye hakuitikia. Alikuwa ananisubiri mimi. Kidirisha kikafungwa.

"Imebaki moja," alisema. "Nami sitasema neno nisilolijua. Niambie kuna nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuniamini, nikawakasirikia waanzilishi na magauni yao ya rangi moja, nikamkasirikia Kulwa kwa kufa. Nilijua kabisa la kumwambia: mashine imerudi kwenye robo, mzee, tuseme Sawa tukapumzike. Angesema. Asingeuliza tena. Doto angelala leo kwenye hewa, na kesho pia.

"Robo ni ya Kulwa," nikasema. "Huu ni Doto. Hawakumpima, mzee. Walimpa nambari ya mwenzake. Nimeifikirisha upya, imepita askari mzima."

Mwanzoni nilidhani hajaelewa.

"Kwa sababu ya kujificha," alisema hatimaye, taratibu. "Mafichoni hapapinduki."

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunajua sote kwamba hapapinduki. Mtoto anajua." Alijipangusa uso kwa koti. "Nyanzobe alichezeshwa Doto."

"Mzee, si Doto wote walioharibika. Wengine huenda..."

"Mfalme kwenye mraba wa pili kutoka kushoto. Ngome kwenye kona. Nimeuona mpango ule kila nikifumba macho, Shija, usiniambie habari ya wengine." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilisema Sawa kwa sauti nzuri kabisa. Siku hiyo koo langu lilikuwa safi."

Nilitaka kumgusa, nikaogopa.

"Afadhali ungeninyamazia," alisema.

"Nilijaribu."

Akacheka kidogo, au akalia, sikuweza kutofautisha. Kisha akainua kichwa. "Juu ya mlango wenu pana nini?"

"Doto."

"Na ukaniambia."

"Nimekuambia, mzee."

Akasimama kwa kushika ukuta. Tulisikia viatu vya karani vikija upande wa pili, na nyuma yake minong'ono ya ukumbi mzima, maana hodi kufika ya tatu si jambo la kila siku.

"Hodi, wachambuzi! Ya tatu na ya mwisho. Mpango ni sawa?"

"Si sawa," alisema Mzee Luhende.

Alisema kwa sauti ileile nzuri.

"Wa pili?" aliuliza karani.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikishamwambia mzee nitakuwa nimemaliza. Sikuwa nimemaliza chochote. Nikisema Sawa, majibu hayafanani, hayahesabiki, mpango unapita kama vile tumenyamaza, na watu watasema mzee wa watu amezeeka, hata kusoma hawezi. Nani angebisha? Kidirisha kilikuwa wazi mbele ya uso wangu, na kupitia hapo niliona kipande cha ubao, na mkono wa mtu mwenye Weusi umelala mezani. Mkono tu. Nikamwona Doto anachemsha maji nyumbani, ameinamisha kichwa upande wa kushoto ili hewa ipite. Nikamwona Nyanzobe, ambaye sikuwahi kumjua, akikaza kamba.

"Mchambuzi wa pili, tunasubiri."

"Si sawa," nikasema.

Lilitoka dogo, limekwaruza. Lakini lilitoka.

Hawakutufungulia mara moja. Walikuja kwanza watu wa Baraza na mafundi wao, wakatusimamisha pembeni kama wezi wa kuku, wakaifikirisha mashine mpango mmoja baada ya mwingine huku feni zimekufa kabisa na jasho likitutiririka. Tulipoachiwa, tangazo lilikuwa limeshasomwa kwenye vipaza sauti vya korido zote: michezo yote ya Doto itarudiwa, kwa kura mpya. Mtu mwenye Weusi niliyemwokoa nikamjua mlangoni. Alikuwa Kashindye wa bomba la tatu, ambaye mwezi uliopita alinitukana mbele ya watu kwa sababu ya foleni ya maji. Alinipita bila salamu. Nilikaribia kumfuata nimpashe, kisha nikaona amepitiliza korido ya kwao bila kujua, nikamwacha.

Mzee Luhende alinishika bega, akageuka, akaenda kwenye lifti. Badala ya kupanda, alishuka. Makaburi yako chini ya la nne.

Nilitembea kwenda nyumbani polepole kama mtoto aliyevunja chungu. Njiani nilisikia milango ikifunguliwa na kufungwa, watu wametoka kuangalia michoro yao, mwanamke mmoja analia, mwingine anapiga kigelegele. Nilijiandaa kumkuta Doto anafunga mizigo. Nilikuwa nimeshaamua nitakaza kamba.

Mlango ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kimewekwa kizingitini, chini ya mchoro, na Doto alikuwa ameketi kitandani akihema kwa kule kupanda na kushuka kiti. Mbele yake, juu ya shuka, alikuwa ameweka ubao wa marehemu Kulwa. Askari wote walikuwa mahali pao. Mstari wa nyuma aliupanga kwa kuangalia juu ya mlango, na tembo mmoja alikuwa amemweka kichwa chini miguu juu.

"Nimesikia sauti yako kwenye kipaza sauti," alisema. "Ilikwaruza. Umekunywa maji?"

"Dada, nisamehe."

"Nimekuuliza maji." Akaninyooshea kikombe. Nilikunywa nimesimama, sikuweza kumtazama. Yeye alingoja mpaka nikamaliza, akavuta pumzi, akavuta nyingine, maana sentensi ndefu kwake ni mzigo. "Kulwa alikuwa anajaribu kunifundisha. Mimi nilikuwa nalala. Nilijua yupo."

Akamgeuza yule tembo vizuri, akamgusa mfalme kwa kidole.

"Haya, wewe unayeijua mipango yote. Huyu anajificha wapi?"

Nikavua viatu, nikapanda kitandani upande wa Weusi, nikaanza kumwonyesha.